Mbuzi ya Fundi Seif: gumzo la majirani, Tabata

MAJIRANI KIMANGA – ULINZI NA USAFI
Jumamosi jioni

Ibra Duka: 📷 Picha

Ibra Duka: Fundi Seif hebu tazama hii. Nipo Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Wanaiuza 180,000, ukichukua tatu wanakushushia.

Mama Zuhura: Heee! Si mbuzi yetu hiyo? Na rangi ileile ya kijani!

Fundi Seif: Ibra, nipigie picha upande wa chini. Pale karibu na mota.

Ibra Duka: 📷 Picha

Fundi Seif: Mmeona hilo tundu dogo? Halina skrubu, halina kazi. Mashine yangu ya kwanza kabisa nilifunga mota ya pampu ya maji, tundu lilikuwa la kuishikia. Baadaye nikahamia mota ya mashine ya kufulia, tundu likabaki maana kipimo cha bati ni kilekile. Sasa na wao wametoboa. La nini???

Mama Zuhura: 😂😂😂 Jamani mpaka tundu

Deo: Huo ushahidi tosha. Hata mwalimu wa hesabu humkamata mwizi wa majibu kwa kosa lililofanana.

Bi Asha: Nimeingia katikati. Mbuzi wa nani kaibwa? Kimanga hii bado mnafuga?

Mama Zuhura: Si wa nyama Bi Asha! Ile mbuzi ya umeme ya Seif. Inakuna nazi, inaangukia kwenye ngoma, unatia maji kidogo inazunguka, tui linatoka lote, machicha yanabaki makavu. Mimi toka niinunue kifumbu nimekitundika ukutani.

Bi Asha: Aaa. Basi poleni. Na tui lake zito?

Mama Zuhura: La kwanza zito, tena sana.

Ibra Duka: Muuzaji anasema hazitoki Uchina, zinachomelewa hapahapa mjini. Hakusema wapi.

Mama Zuhura: Polisi! Seif nenda polisi kesho asubuhi.

Mzee Kondo (Mjumbe): Tulieni kwanza. Seif, una karatasi gani mkononi?

Fundi Seif: Shikamoo Mzee. Nina TIN, namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara.

Mzee Kondo (Mjumbe): Marahaba. Neema mwanangu upo? Wewe si unasomea mambo haya?

Neema: Nipo Mzee, shikamoo. Bado sijaapishwa kuwa wakili, kwa hiyo mnisikilize kama jirani. TIN na leseni vinampa Seif ruhusa ya kuuza. Havimpi nguvu ya kumzuia mwingine asitengeneze kama yake. Nguvu hiyo inatoka kwenye hataza, na kwa Bara inaombwa BRELA, wakala wa usajili. Kaka Seif, uliwahi kuomba?

Fundi Seif: BRELA nilijua ni ya kampuni na majina ya biashara.

Neema: Na alama za biashara, na hataza. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1987. Inataka kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi mwenzako asingeifikia kirahisi, na kiweze kutengenezwa kiwandani au kutumika kwenye kazi. Shida yako ipo kwenye upya. Mashine umeshauza, na video ya Zuhura ipo TikTok karibu mwaka wa pili.

Zuhura: Ile ina watazamaji wengi kweli 🙈

Mama Zuhura: Mtoto huyu! Mpaka mguu wangu umeonekana mle.

Neema: Ndiyo hivyo. Kitu kikishajulikana kwa watu kabla ya kupeleka maombi, kupata hataza yake ni kazi ngumu sana. Kwa mbuzi hii ya kijani mimi nisingetumia hela.

Mama Zuhura: Kwa hiyo aliyeiba anastarehe na aliyekesha akichomelea ndiye mjinga. Sheria gani hiyo?

Ibra Duka: Mama Zuhura usikasirike nikisema ukweli.

Mama Zuhura: Sema, utakasirikiwa baadaye.

Ibra Duka: Vitumbua vyako ulijifunzia wapi? Kwa marehemu Bi Tatu pale kona. Na yule binti anayeuza kituoni kajifunza kwako. Mbona hatukumwita Mjumbe? Gerezani pale, Buguruni, Vingunguti, fundi mmoja akitoa geti zuri, wiki ya pili mtaa mzima una geti hilo. Ndiyo maana geti Dar mtu wa kawaida anaweza kununua. Seif mwenyewe, mbuzi za mota zilikuwepo sokoni kabla yake. Alichoongeza ni ngoma.

Fundi Seif: Ngoma ndiyo iliyonitoa usingizi Ibra. Nilichoma mota ngapi pale karakana, unafahamu wewe? Unaipandisha kasi tui linaruka ukutani, unaishusha nazi haikamuki. Yule wa Kariakoo kanunua moja, kaipima kwa tepu, kamaliza. Ndio maana anaweza kuuza 180 na mimi nauza 260.

Deo: Hapo Seif ana hoja. Bei ya yule haina gharama ya kukosea.

Ibra Duka: Lakini mama lishe wa Mbagala asiye na 260 leo ana mbuzi. Nalo ni jambo.

Mama Zuhura: Mimi nilikopa kwenye kikundi nikalipa 260. Mbona sikufa?

Sista Grace: Habari za jioni majirani. Nimetoka zamu sasa hivi. Niongezee kitu upande wa Ibra ingawa sipendi kumuunga mkono 😄. Mnakumbuka ARV, dawa za UKIMWI, zilivyokuwa? Mwishoni mwa miaka ya 90 dozi ya mgonjwa mmoja kwa mwaka ilikuwa dola zaidi ya 10,000. Dawa zina hataza, mwenye nayo anapanga bei. Mwaka 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ikasema itatoa kwa dola 350 kwa mwaka. Waliweza kwa sababu sheria ya India ya 1970 haikuwa inatoa hataza kwa dawa yenyewe, ilitoa kwa njia ya kuitengeneza tu, mpaka walipobadilisha 2005. Huku kwetu dawa za bure zilianza 2004. Bila wale waigaji wa India sijui tungezika wangapi.

Mzee Kondo (Mjumbe): Mtaa huu tulizika.

Bi Asha: Tulizika kweli.

Mama Zuhura: Lakini Sista, tui si dawa. Asiye na mashine atumie mikono kama mama zetu.

Sista Grace: Kweli. Ndiyo maana na sheria inatofautisha. Novemba 2001 kule Doha nchi za WTO, Shirika la Biashara Duniani, zilikubaliana kwamba afya ya watu isizuiwe na hataza. Hawakusema kila kitu kiigwe.

Neema: Na nchi zilizo kwenye kundi la maendeleo duni kabisa zimepewa muda zaidi. Kwa dawa mpaka 1 Januari 2033, kwa masharti mengine mengi ya mkataba wa WTO unaohusu hataza mpaka 1 Julai 2034. Sisi tumo.

Mzee Kondo (Mjumbe): Neema, tuliambiwa 2020 tumeingia uchumi wa kati.

Neema: Hiyo ni hesabu ya Benki ya Dunia, Mzee, kwa kipato. Orodha ya maendeleo duni ni ya Umoja wa Mataifa, ina vipimo vyake. Unaweza kuwa kwenye zote mbili.

Mzee Kondo (Mjumbe): Yaani asubuhi tajiri, jioni maskini. Sawa.

Deo: Mimi nina mfano mwingine, wa umeme. Mnakumbuka 2024 tulivyoingiza tokeni tatu kwenye mita za LUKU, tarakimu 20 mara tatu, kabla ya 24 Novemba?

Mama Zuhura: Nilidhani mita yangu peke yake ndiyo mbovu!

Deo: Mita zote. Zinahesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na siku ile nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa. Mfumo unaitwa STS, ulianzia Afrika Kusini, na chama cha kuusimamia kiliundwa 1997. Kanuni zake zipo wazi, mtengenezaji yeyote anayezifuata anaweza kutengeneza mita. Ndiyo maana mita za makampuni tofauti zote zinaelewa tokeni ya TANESCO. Angeukalia mtu mmoja, nchi nzima ingenunua mita kwa bei yake yeye.

Fundi Seif: Kwa hiyo unanishauri niweke mchoro hadharani?

Deo: Ni njia mojawapo. Wewe unakuwa bingwa wao, unauza ngoma na visu.

Fundi Seif: Deo ndugu yangu, nyuma ya STS kulikuwa na makampuni makubwa. Nyuma yangu kuna kodi ya pango.

Mama Zuhura: 👏👏👏

Mzee Kondo (Mjumbe): 🎤 Sauti (2:41)

Zuhura: Mzee nipo kwenye daladala siwezi kusikiliza, kasemaje?

Deo: Anasema serikali ina mbio kwenye kutoza kuliko kwenye kulinda. Katoa mfano wa tozo ya miamala ya simu, Julai 2021, iliyoanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakarudi kwenye noti, ikapunguzwa mwaka uleule, na 2022 ikapunguzwa tena. Anauliza kwa nini kodi ya simu inabuniwa kwa mwezi mmoja na fundi wa Vingunguti haambiwi hataza ni nini mpaka aibiwe.

Bi Asha: Mzee leo umeamka.

Ibra Duka: Mwisho wa siku kundi hili ni la ulinzi na usafi, tusije tukafungiwa 😅

Mzee Kondo (Mjumbe): Mbuzi kuibwa si ulinzi? Tuendelee.

Neema: Mzee yupo sahihi kwenye suala la elimu. Tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya wabunifu, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wapo, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Vingunguti palepale. Ila fundi anapelekwa kwenye maonesho kabla hajashauriwa kuhusu maombi. Anaonyesha kwanza, anaulizia sheria baadaye.

Fundi Seif: Sabasaba nilionyesha kila kitu. Mtu mmoja alikaa muda mrefu akichora kwenye daftari, nikampa na soda.

Mama Zuhura: Soda!! Seif!!

Ibra Duka: Haya, tufanye angekuwa na hiyo hataza. Nani anakwenda Kariakoo kumkamata jamaa? Polisi hawaji. Seif mwenyewe afungue kesi, amlipe wakili, mwaka unaisha, jamaa kahamia kuuza masufuria. Karatasi itamkunia nazi?

Neema: Kwenye hilo sikupingi sana. Ni mali binafsi, mwenyewe ndiye anayeilinda mahakamani, na kuna ada ya kila mwaka ya kuiweka hai. Kwa watu wengi wa hali ya Seif, jina linaweza kuwa na faida ya haraka zaidi. Sajili alama ya biashara, inadumu miaka 7 kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Mtu akibandika jina lako kwenye mashine yake, hiyo inakuwa bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kuikamata. Hapo huendi peke yako.

Bi Asha: Na Unguja je? Dada yangu Mwanakwerekwe anaitaka hiyo mbuzi.

Neema: Zanzibar ni maombi mengine, kwa BPRA, wakala wa usajili wa huko. Mambo haya si ya Muungano. Ya Bara hayavuki maji.

Bi Asha: Boti inavuka kila siku, karatasi inashindwa.

Deo: Lakini Ibra usidharau karatasi kabisa. KopaGas walianzia hapahapa Dar, ile gesi unayolipia kidogokidogo kwa simu, mtungi una mita. Mwaka 2020 Circle Gas ya Uingereza ikainunua teknolojia yao dola milioni 25. Mnunuzi wa namna hiyo hatoi pesa kwa mtu anayesema "wazo ni langu, muulizeni Mama Zuhura".

Mama Zuhura: Mimi ni shahidi mzuri tu.

Ibra Duka: Dola milioni 25 kwa mita ya mtungi 😳 Seif, hebu tuongee faragha.

Fundi Seif: Sasa Ibra umeanza kunipenda. Neema, nina swali. Ipo nyingine, haijatoka, ipo karakana chini ya turubai. Hakuna aliyeiona. Ile shida ya kasi nimeimaliza, hakuna tena tui kuruka. Ngoja nikueleze nilivyofanya pale kwenye mkanda

Neema: SEIF USIANDIKE

Mama Zuhura: Nyamaza baba!!

Fundi Seif: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Deo: Kundi hili lina watu 212, nusu siwajui sura.

Ibra Duka: Nilishawahi kusoma mstari wa kwanza 😏

Mzee Kondo (Mjumbe): Ibrahim.

Ibra Duka: Natania Mzee! Alikuwa kaandika "unachukua springi" basi.

Neema: Kaka Ibra na wewe FUTA

Ibra Duka: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Neema: Kaka Seif, kwa hiyo mpya bado una nafasi. Usiuze, usipige picha, usimwite fundi msaidizi wa siku moja. Chora, andika inavyofanya kazi, tupeleke maombi kwanza. Na ukiipata, jua kwamba mwisho wake ni miaka 20 tangu siku ya maombi, na maelezo yako yanawekwa wazi watu wasome. Baada ya hapo ni ya wote.

Sista Grace: Miaka 20 kwa mbuzi inatosha.

Fundi Seif: Na ya kijani?

Neema: Ya kijani ipe jina, uza kwa jina. Wanunue kwa sababu ni ya Seif na kwa sababu ikiharibika yupo.

Ibra Duka: Kuhusu kuharibika, muuzaji wa Kongo kaniambia hana fundi. Wateja wawili wamerudisha, beringi zimekufa. Kaniuliza kama namjua mtu.

Mama Zuhura: Mungu huyo!

Fundi Seif: Waambie waje. Yangu natengeneza 15,000. Ya Kongo 40,000, na tundu nawazibia bure.

Deo: 😂😂😂

Neema: Jumatatu saa 3 asubuhi nipitie nyumbani tuandae maombi. Njoo na namba ya NIDA na daftari la michoro. Simu uiache kwa mkeo, usije ukawatumia picha kundini.

Fundi Seif: Nikiiacha ada nitalipia na nini? Namba ya malipo si inaingia humohumo?

Mama Zuhura: Nitakuja naye mimi. Simu yake nitaishika mwenyewe.