Tupeane uzoefu: Liva za hita zilizoganda kwenye magari ya zamani, ulizifunguaje?

Gari_la_Babu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Maswali ya hita za magari ya zamani yanaulizwa kila leo, kila mtu kivyake, na majibu mazuri yanapotea. Naomba tuyakusanye hapa. Liva yako (ule mkono wa kurekebisha joto kwenye dashibodi) iliganda wapi, ulijuaje, na uliifungua vipi? Tafadhali aandike aliyeshika spana mwenyewe.

Naanza mimi. Sedani ya mwaka 1968, liva ya joto imegoma katikati, haiendi kwenye baridi wala kwenye moto. Sikuilazimisha. Liva nyingi za enzi zile zimetengenezwa kwa aloi ya zinki ambayo haipindi kwanza ikakuonya, inakatika tu. Na paneli ya liva ndicho kipuri kigumu kupatikana kuliko vyote kwenye hita, wakati mara nyingi yenyewe haina kosa lolote.

Nilifungua boneti, nikaufuata waya unaovutwa na liva mpaka kwenye valvu ya maji ya moto (ile inayoruhusu maji ya injini kuingia kwenye hita), nikalegeza kiskrubu kinachoubana, nikauchomoa. Niliporudi ndani ya gari liva ikateleza kutoka mwisho hadi mwisho, na waya ukawa unaingia na kutoka kwenye ganda lake bila kukwaruza. Hapo nikajua liva nzima, waya mzima, mgonjwa ni valvu. Hiki kipimo ni cha dakika chache na ndicho kinachoamua kazi nzima. Kuna sehemu tatu tu: liva, waya, na kile kinachovutwa na waya kule mwisho, iwe valvu ya maji au kilango cha hewa. Anayeanza kumwagia mafuta kila mahali kabla ya kuzitenganisha hizi tatu anapoteza muda na anachafua dashibodi.

Valvu yenyewe ilikuwa na ukoko mweupe kwenye shina lake, chumvichumvi za maji yaliyokuwa yakivuja kidogokidogo miaka na miaka. Nilisubiri injini ipoe kabisa (mfuniko wa redieta ya moto haufunguliwi, hili halina mjadala), nikapunguza kulanti (maji ya kupozea injini) mpaka chini ya usawa wa valvu, nikaitoa na kuilaza kwenye siki usiku kucha. Asubuhi mkono wake ulizunguka kwa vidole viwili. Niliisuuza vizuri, nikachomeka kipande cha hosi safi, nikaifunga na kupuliza. Hewa haikupita, ikarudi kwenye gari. Kama hewa ingepita, ningeibadilisha bila huruma, maana valvu inayozunguka lakini haifungi itakuchoma miguu msimu wote wa joto.

Spana_Kumi

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nilipima hivyohivyo na mgonjwa akawa ni waya.

Niuelezee kidogo kwa wageni. Ndani kuna waya mmoja mgumu wa chuma, nje kuna ganda la springi iliyosukwa kwa karibukaribu. Unyevu ukiingia mwishoni mwa ganda, kutu inaanza palepale, inaushika waya. Ukisukuma liva kwa nguvu wakati huo, waya unapinda pale unapotokeza kwenye paneli, na ukishapinda hata ukiunyoosha utakwama tena mahali palepale.

Wangu niliutoa wote nje ya gari, nikautundika wima. Juu nilizungushia kipande cha nailoni kwa utepe mpaka kikawa faneli ndogo, nikajaza mafuta mepesi ya kulegeza kutu na kuyaacha yashuke yenyewe. Mwanzoni hakuna kinachotoka. Baadaye linatokeza tone la kahawia chini, zito kama rojo, kisha matone yanakuwa mekundu, kisha yanang'aa. Mafuta yakianza kutoka safi ndipo niliposhika waya kwa plaizi na kuusogeza milimita chache mbele, chache nyuma, nikiongeza mafuta. Ulifunguka taratibu mpaka ukapita wote.

Msitie grisi humo ndani. Baridi ikija grisi inakuwa nzito na inakamata vumbi, tatizo linarudi. Na kama ganda lako lina bomba la plastiki ndani, tumia silikoni badala ya mafuta ya kawaida.

Kama waya umeliwa na kutu, ganda likiwa zima unaweza kubadilisha waya wa ndani peke yake. Tafuta waya wa springi wenye unene uleule, pima kwa kalipa (kipimo cha unene). Mwembamba zaidi utavuta vizuri lakini utapinda wakati wa kusukuma, na hizi waya zinafanya kazi pande zote mbili.

Fundi_wa_Hosi

Wadau, natengeneza magari haya kwa kazi, naomba niongeze jambo moja ambalo naliona linaharibu hita nyingi kuliko kutu.

Ukifika kwenye valvu lazima utoe hosi. Hosi ya zamani inakuwa imeshikana na bomba kabisa. Mtu anaishika kwa mikono miwili anaizungusha na kuivuta. Lile bomba linaingia moja kwa moja kwenye kiredieta cha hita (redieta ndogo inayopasha hewa), ni shaba nyembamba iliyolehemiwa, na linapasuka kwenye lehemu. Sasa kazi ya valvu ya nusu siku imegeuka kuwa kazi ya kufungua dashibodi nzima.

Ichane hosi kwa urefu kwa kisu chenye makali, ifungue kama ganda la ndizi, weka mpya. Hosi ni kitu cha kubadilishwa. Kiredieta ndicho cha kulindwa.

Kulanti iliyomwagika ifuteni yote. Ina ladha tamu, paka na mbwa wanairamba, na inawaua.

Kobe_wa_1966

Mimi nina Volkswagen Beetle, na naandika kwa sababu ushauri wa valvu ya maji hautusaidii. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, hakuna maji. Joto linatoka kwenye maboksi yanayozunguka mabomba ya ekzosi, linapita kwenye mbavu za chini ya milango mpaka mbele. Liva ziko ubavuni mwa breki ya mkono, na waya zinapita kwenye tumbo la katikati ya sakafu hadi nyuma, zinabana kwenye mikono midogo ya vilango chini ya gari kabisa, mahali ambapo tope na maji ya barabarani yanapiga kila siku.

Kwa hiyo kwetu anzeni chini. Gari likae kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Fungua ile nati inayobana waya, kisha sukuma mkono wa kilango kwa kidole. Wangu haukutikisika. Nilipiga brashi ya waya, nikaweka mafuta ya kulegeza kutu kwenye ekseli yake, nikauacha, nikagongagonga polepole kwa mpini wa bisibisi. Ulipolegea nikaendelea kuuchezesha mpaka springi ikawa inaurudisha yenyewe.

Lakini wakuu, kabla ya kufurahia joto, kagueni maboksi yenyewe. Bomba la ekzosi likitoboka ndani ya boksi, moshi unapita kilango ulichokifungua na kuingia walipokaa watu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kuna watu wamekaa miaka na liva iliyoganda kwenye kufunga, na huko nyuma bomba limeoza. Ukimfungulia mtu huyu hita yake bila kukagua, umemwekea hatari ndani ya gari. Gonga boksi zima, sikiliza sauti, tazama kwa tochi, na ukiwa na shaka usiitumie hita hiyo.

Dada_Bisibisi

Langu lilikuwa kilango cha hewa, ndani ya boksi la hita. Liva ilikuwa inakwenda robo tatu halafu inagota kwenye kitu laini. Ugumu wa kutu unausikia ni mkavu. Huu ulikuwa unabonyea. Nilipofungua, ile sponji ya kuziba kingo za kilango ilikuwa imeoza, imekuwa unga mweusi unaonata, vipande vimejikunja kwenye bawaba. Na juu yake majani makavu yaliyoingia kupitia matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele.

Nilikwangua yote, nikabandika sponji mpya ya seli zilizofungwa ili isinywe maji, unene uleule wa zamani. Ikizidi unene kilango hakifungi na waya unabeba mzigo. Betri nilishaichomoa kabla ya kuingiza mikono nyuma ya dashibodi, kwa sababu waya za umeme za umri huo zinapasuka ganda ukizigusa tu.

Mgeni_Gereji

Swali wakuu. Nikiunganisha hosi mbili kwa bomba na kuiruka hita kabisa, kuna ubaya?

Fundi_wa_Hosi

Ndugu, kwa magari mengi injini itaenda bila shida, na kiredieta kikivuja huwa tunafanya hivyo kwa muda. Ila utakosa vitu viwili. Kioo kikijaa ukungu asubuhi ya mvua, hewa ya moto ndiyo inayokuokoa. Na injini ikianza kupanda joto kwenye foleni, kuwasha hita kwa nguvu zote kunaipunguzia mzigo mpaka upate pa kusimama. Mimi nisingekaa hivyo muda mrefu.

Spana_Kumi

Naungana na fundi. Na wenye Volvo za miaka ya 1960, chungeni ule mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye valvu ya hita. Ndio unaopima joto la hewa. Wengi wanaukunja wakidhani ni kebo nyingine. Ukiuvunja, valvu haidhibiti tena.

Gari_la_Babu (mwanzisha uzi)

Nashukuru sana wote. Mgeni, ukishafungua sehemu zote tatu, ufungaji uwe hivi: weka liva kwenye baridi, iache milimita mbili hivi kabla ya mwisho wa njia yake. Funga valvu kabisa kwa mkono. Kisha banisha waya, na banisha ganda la waya pia. Hiyo klipu ya ganda watu wanaisahau. Ikilegea, liva itasogea, ganda litasogea nayo, na kule mwisho hakuna kitakachofunguka. Jaza kulanti liva ikiwa kwenye moto ili hewa itoke kwenye kiredieta, kisha shika hosi zote mbili injini ikipata joto. Zote zikiwa za moto, maji yanazunguka.

Mwenye hita inayoendeshwa kwa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini badala ya waya) bado hajaandika. Kama umewahi kubadilisha zile diaframu za mpira, tunakusubiri.