Wauguzi mliojitolea thieta hapa Nairobi, tupeane uzoefu

Nesi Mgeni: Wadau, leseni ninayo, ajira hakuna, kwa hiyo najitolea kwenye hospitali moja hapa jijini. Nimepangwa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Chuoni tulifundishwa kunawa na kuvaa, lakini baridi ya mle ndani hakuna aliyenitajia, wala harufu ya nyama inayoungua daktari anapoziba mishipa ya damu kwa ile kalamu ya umeme. Kwa sasa mimi ni wa kuzunguka tu: nafungua paketi bila kugusa kilichomo, nafunga kamba za gauni za waliokwisha nawa, naandika hesabu ubaoni. Daktari ananyoosha mkono, hasemi kitu, na sista anajua anataka mkasi upi. Nyinyi mlianzaje?

Dada wa Donholm: Pole na hongera. Usiingie na njaa. Kunywa chai ya maziwa na kitu kizito, kwa sababu upasuaji ukichacha hutoki. Ukisikia masikio yanavuma na jasho jembamba linakutoka, sema, rudi nyuma, keti sakafuni kando ya ukuta. Mwenzangu mmoja alijikaza kisabuni, akaenda chini kama gunia la viazi, nusura aangukie meza ya vyombo.

Kaka Githurai: Mimi nitaongea hesabu ya swabu, vile vitambaa vya kufyonza damu, isije moja ikabaki ndani ya mgonjwa, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine utazoea. Zina uzi unaoonekana kwenye eksrei, lakini usingoje eksrei. Usiku mmoja tulikuwa tunamfunga mama aliyejifungua kwa upasuaji, moja ikakosekana. Daktari akasema itakuwa kwenye ndoo, tuendelee. Sista akaweka mkasi chini: "Daktari, hatufungi." Tukamwaga ndoo, tukazipanga zote sakafuni, bado. Nikapiga magoti, nikaiona imegandia upande wa chini wa shuka, imelowa damu hadi inafanana nalo. Daktari alinuna kidogo, kisha akashukuru.

Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2008 pia iheshimu, hukaguliwa mara tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka. Kabla ya kisu kila mtu hujitaja jina na kazi yake. Wageni wengi hunong'ona hapo. Jitaje kwa sauti, ndipo hata hesabu ikigoma watakusikia.

Mama Wawili, Kayole: Umechanja homa ya ini B? Dozi tatu: ya kwanza, nyingine baada ya mwezi, ya mwisho mwezi wa sita. Na ukijidunga sindano usifiche kwa kuogopa kufukuzwa. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Kujitolea si kujitoa mhanga. Dai pia barua yenye jina lako na idara, wengine tulihudumu weee tukatoka mikono mitupu.

Nesi Mgeni: Asanteni sana. Chanjo nimebakiza dozi ya mwisho, barua naidai Jumatatu. Kesho nanawa kwa mara ya kwanza ili nisimame kwenye meza ya upasuaji, kucha nimeshakata. Gambuti nyeupe za saizi ndogo zapatikana wapi? Nilizoazimwa zinaniogelea.

Dada wa Donholm: Soko la Gikomba, nenda asubuhi na mapema. Andika jina lako ndani kwa kalamu isiyofutika, la sivyo zitatembea.