Mnamwaga yuria ili uwanja ung'ae tu, mechi ikianza nyasi zinang'oka zote!!

Wakuu nina hasira acha niandike tu. Hawa wanaotunza uwanja wetu kila ikikaribia mechi kubwa wanamwaga yuria, ile mbolea ya nitrojeni, mifuko kwa mifuko, wiki hiyo uwanja kijani kibichi watu wanapiga picha wanasifia, mpira ukianza dakika 20 hazijaisha pale golini vipande vya nyasi vinaruka na njumu, beki anateleza anabaki kashika goti. Halafu eti nyasi mbovu, zibadilishwe. Nyasi imewakosea nini??

Nitrojeni ikizidi, nyasi inakimbilia majani, mizizi inabaki juu juu, jani linakuwa laini limejaa maji, likikanyagwa linapondeka. Na fangasi ndo wanapopenda hapo. Ukijani sio uimara jamani!

Hesabu yenyewe wala sio ngumu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, ukiusambaza uwanja mzima ni kama gramu 3 kwa kila mita ya mraba. Ukoka unaochezewa, ukiwa kwenye msimu wake wa kukua, unataka kama gramu 2.5 hadi 5 kwa mwezi, yani mfuko mmoja unatosha, wao wanamwaga minne kwa mkupuo, tena jua kali, hawamwagilii, nyingine inapotea hewani kama amonia na nyingine inaunguza majani.

Na potasiamu je? Hiyo ndo inaipa nyasi nguvu ya kuvumilia kukanyagwa na ukame, na kila mkifyeka mkazoa majani mnaitoa nje ya uwanja, sijawahi kuona mkiirudisha hata siku moja.

Sisemi nitrojeni iachwe, nyasi yenye njaa haiwezi kuziba vipara. Itiwe kidogo kidogo kwa awamu, maji yafuate hapo hapo. Na pale golini udongo umeshindiliwa umekuwa sakafu, mimina mbolea yote unayoijua, bila kutoboa matundu hewa iingie mizizi haishuki.

Sasa mwenye dhamana na uwanja ajibu hapa hapa, udongo ulipimwa lini na majibu yako wapi? Kama haujawahi kupimwa basi hiyo yuria mnaipima kwa kipimo gani, kwa macho?