Mashine ya mbao ya bei ya chini: ninunue ama nikae na msumeno wangu wa mkono?

Mbao_Mwiki:
Habarini wakuu. Mimi si fundi wa kuitwa fundi, mchana niko na kazi ingine, lakini jioni na wikendi natengeneza stuli, meza ndogo na vitanda vya watoto hapa Mwiki, nimepiga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba futi 10 kwa 12. Mpaka sahi ni msumeno na randa za mkono tu na bega limeanza kunidai. Sasa kuna duka tao nimeona ile mashine ya yote kwa moja, inapasua, inapiga randa, inatoboa, wanaitisha 48,000, kibandiko kinasema wati 2200. Niko na 60,000 na mama watoto ameshasema hakuna ingine mpaka Januari. Ninunue ama ni mtego? Mbao zangu nyingi ni saipresi, mara moja moja mahogani.

RandaKali:
Mkuu shikilia pesa yako kwanza. Mimi nilinunua ndugu yake hiyo na wiki ya pili nilikuwa napasua kipande cha mahogani futi tatu hivi, nikasikia harufu ya kuungua, kabla nishike swichi kipande kikatoka kama mshale kikapita kando ya mbavu zangu kikaenda kupiga geti, mpaka leo liko na shimo. Nilipotulia nikatoa plagi nikapima kutoka wembe hadi ile reli ya kuongoza mbao, mbele 203, nyuma 200. Milimita tatu tu! Mbao ikifika nyuma inabanwa, meno ya nyuma yanainuka yanairusha kwako. Nikanyoosha reli nikakaza, nikipasua mbili tatu imehama tena, maana ni bati tu imeshikwa na skurubu moja mbele. Shida ya hizi za bei ya chini mara nyingi hata si mota, ni meza na reli. Na ile ya yote kwa moja, kila ukitoka kupasua kwenda randa unafungua unafunga, unachoka unarudi kwa msumeno wa mkono.

Ushauri wangu, kazi ya randa wachia yadi. Pale soko la Gikomba, Nairobi, unanunua mbao wanakupigia randa pande nne kwa bei ya futi, unarudi nyumbani na kitu kimenyooka. Wewe nunua msumeno wa mviringo wa kushika mkono, klampu mbili na ubao mnyoofu wa kuongozea. Lakini saipresi ikiwa mbichi usikimbilie randa, ipange na vijiti katikati hewa ipite, iache wiki kadhaa, la sivyo inanyongeka ukishamaliza kitanda.

Fezi_Moja:
Naongezea upande wa stima. Wati 2200 kwa volti 240 ni kama ampea 9, soketi ya 13 inabeba, lakini wakati wa kuwaka mota inavuta zaidi ya hapo na ukitumia ile ekstensheni nyembamba ya kuchaji simu waya unapata moto na mashine inakosa nguvu. Tafuta waya mnene wa 2.5 (milimita za mraba) na usiuwache umekunjwa. Pia skiza sauti dukani, ikilia kama blenda hiyo ni mota ya brashi, haipendi kupasua mbao nene siku nzima. Ile ya kunguruma pole pole ni nzito ila inakaa. Na usidanganywe na chuma kizito cha mtumba kutoka Uingereza kabla usome kibao chake, nyingi ni fezi tatu, ile stima ya viwandani si ya soketi ya nyumbani, utaibeba mpaka Mwiki ikae kama pambo.

Dada_Kabati:
Mimi napingana kidogo na RandaKali. Niko na ka msumeno ka meza, kupasua tu, si yote kwa moja, mwaka wa tatu huu na kamelipa karo. Siri ni wembe, ule uliokuja nayo nilitupa siku hiyo hiyo. Ya kupasua mbao ni meno 24, ya plaiwudi na melamini ni 60 kwenda juu ndio isimeguke. Sukuma mwisho na kijiti, si vidole. Na ukianza MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa na gundi, vaa barakoa ya maana, lile vumbi si la mchezo, mimi kifua kilinisumbua mwezi mzima nikidhani ni homa. Alafu chunga majirani, kwa mabati saa mbili usiku utaitiwa chifu.

Mbao_Mwiki:
Asanteni sana. Dada, hako kako reli yake inashikwa mbele tu ama pande zote?

Dada_Kabati:
Pande zote, mbele na nyuma. Hiyo ndio nilikagua kwanza, bei baadaye.

Mbao_Mwiki:
Leo lunchi nimeenda na tepu mfukoni, nikapima ile ya 48,000 hapo hapo dukani, mbele 190, nyuma 187. Kijana akaniuliza nimekuja kununua ama kukagua. Nikamwambia basi niletee bei ya huo msumeno wa mviringo wa kushika mkono. Jumamosi naenda Gikomba na vipande sita vya saipresi vilivyokauka tangu Agosti, RandaKali ukiwa mitaa hiyo nitakununulia chai.