Karakana ya nili ya Kijapani: nitajuaje kama mtungi ni wa asili, na nichukue kitambaa gani?

Mwanaasha wa Kobe

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Kobe, na mwezi ujao nimepanga kwenda mkoa wa Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, ili nikajifunze kwa mikono yangu utiaji rangi wa nili, yaani rangi ya buluu itokanayo na majani, ambao Wajapani huuita aizome. Safari si ndefu, kwa kuwa basi huvuka Daraja la Akashi, hukipita kisiwa cha Awaji, kisha huvuka Daraja la Naruto na kufika kwa muda wa kama saa mbili.

Sababu ya kulijali jambo hili ni marehemu bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, ambaye alivaa kaniki mpaka uzeeni, na alikuwa akituambia kwamba kaniki ya kweli huacha alama ya buluu shingoni mwa mvaaji. Nilipoiona nguo ya nili ya Kijapani kwa mara ya kwanza, nilimkumbuka papo hapo.

Nina maswali matatu. Nimesikia kwamba baadhi ya karakana za wageni hutumia dawa za kiwandani ili rangi iwe tayari upesi. Je, mgeni atatambuaje kwamba mtungi wa rangi uliopo mbele yake ni wa asili? Pili, nina mita mbili za pamba nyeupe nilizokuja nazo kutoka nyumbani, pamoja na mtandio wenye mchanganyiko wa poliesta; vyote viwili vinafaa? Tatu, nguo hiyo itachuja rangi kwa muda gani?

Mkazi wa Shikoku

Dada Mwanaasha, karibu sana huku kwetu. Nimeishi Tokushima kwa miaka kadhaa na nimechovya vitambaa katika mitungi ya karakana tofauti, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Mkoa huu zamani uliitwa Awa, na nili yake ilitajirisha wafanyabiashara wengi. Mto Yoshino ulikuwa ukifurika karibu kila mwaka majira ya tufani. Mafuriko yaliuharibu mpunga, lakini mnili wa huku, ambao ni mmea mfupi wenye maua madogo ya waridi na wala si wa jamii ya mnili wa Afrika na India, huvunwa kabla ya tufani kuja, na tope lililoachwa na mto likaurutubisha udongo kwa msimu unaofuata. Katika mji wa Aizumi, nyumba kubwa ya familia iliyofanya biashara hiyo imegeuzwa kuwa makumbusho yanayoitwa Ai no Yakata, na humo wageni huruhusiwa kutia rangi leso au kitambaa kidogo. Ukiwa na siku moja tu, anzia hapo, kwa maana utaziona zana na maghala kabla hujaigusa rangi.

Majani hayatiwi mtungini yakiwa mabichi. Hukaushwa wakati wa kiangazi, na kuanzia Septemba hulundikwa ndani ya jengo maalumu, humwagiwa maji, na hugeuzwa kila baada ya siku chache kwa muda wa siku 100 hivi. Lundo hilo hupata joto lake lenyewe, hata kufikia nyuzijoto 60 na zaidi, na mafundi hulifunika kwa mikeka ya majani ya mpunga kama watu wanaomfunika mgonjwa mwenye baridi. Nimewahi kusimama ndani ya jengo hilo mwezi wa Novemba, na harufu yake kali ilinitoa machozi. Kinachopatikana mwishoni ni mboji nyeusi iitwayo sukumo, na hiyo ndiyo nili inayosafirishwa kwa mafundi wa kutia rangi.

Fundi naye huichanganya sukumo na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni, huongeza chokaa na pumba za ngano, na wengine huongeza sake, yaani pombe ya mchele, kisha huacha mchanganyiko uchachuke kwa siku kadhaa, na pengine zaidi ya wiki moja. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenyeji wako ni hili: je, mtungi huu ni wa akuhakko-date? Maana yake ni kwamba umechachushwa kwa maji ya majivu. Fundi anayeufanya hivyo hufurahi kuulizwa. Tazama pia uso wa mtungi. Mtungi ulio hai huwa na povu zito la buluu ya zambarau katikati, ambalo huku huitwa ua la nili, na utando unaong'aa kama shaba. Maji yenyewe yana rangi ya kahawia inayoelekea kijani, na chini kuna mashapo mengi. Dalili nyingine, ambayo mimi huiamini kuliko zote, ni kwamba mtungi wa namna hiyo huchoka. Ukikuta karakana inayopokea makundi makubwa kutwa nzima katika mtungi mmoja bila kuupumzisha, basi yaelekea kuna kitu kingine humo ndani.

Kuhusu mtandio wa poliesta, uache nyumbani. Nyuzi za poliesta hazishiki nili, nawe utapata rangi hafifu yenye mabaka. Pamba, kitani, hariri na hata sufu hushika vizuri.

Mama Batiki, Dar es Salaam

Mwanangu Mwanaasha, hongera kwa uamuzi wako. Nimetengeneza batiki kwa zaidi ya miaka ishirini, na ningependa kukuandaa kwa yale ambayo darasa la saa moja halitakufundisha.

Kitambaa kipya kutoka dukani kina wanga na mafuta ya kiwandani. Ukikichovya kama kilivyo, rangi itakaa juu juu. Kichemshe kwa nusu saa katika maji yenye sabuni ya kawaida na magadi kidogo, kisuuze mpaka maji yatoke safi, kisha ukianike bila kukitia wanga tena. Siku ya darasa, hakikisha kimelowa maji na kukamuliwa kabla ya kuingia katika rangi, kwa sababu kitambaa kikavu huingia na hewa nyingi katikati ya nyuzi zake, na hewa ndiyo adui wa mtungi.

Sasa niseme jambo ambalo huenda ndugu yetu wa Shikoku hatalipenda. Sisi mafundi wa batiki tunatumia haidrosi na kostiki, dawa za kiwandani zinazoifanya rangi iyeyuke upesi, kila siku, na rangi zetu nyingi hutoka katika beseni zikiwa na rangi moja, kisha hugeuka kuwa nyingine zikipata upepo, kama nili inavyofanya. Karakana inayotumia haidrosi haimdanganyi mgeni, ilimradi imemwambia. Mtu anayejifunza kukunja na kufunga kitambaa kwa mara ya kwanza anahitaji mtungi ambao hautamwangusha. Kinachonikera ni kuandika neno asili ukutani huku ndoo ya haidrosi imefichwa nyuma ya mlango.

Kuhusu kufunga, usitamani maumbo mengi katika kitambaa kimoja. Huko Japani kuna mtaa wa Arimatsu, ndani ya jiji la Nagoya, ulioanzishwa mwaka 1608 na ambao umeishi kwa kazi ya kufunga vitambaa kwa uzi, na mafundi wake wengi hubobea katika namna moja tu ya kufunga. Chagua moja. Kukunja kitambaa kama feni na kukibana kati ya vibao viwili ni njia inayomfaa anayeanza, kwa kuwa matokeo yake huonekana wazi. Ukitumia uzi, uvute kwa nguvu zako zote. Uzi uliolegea hupitisha rangi, na ule mweupe ulioutarajia utakuwa buluu iliyofifia.

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Shikamoo Mama. Naomba niongeze maelezo machache, kwa sababu hoja yenu nyote wawili ina ukweli ndani yake.

Nili haiyeyuki katika maji, na ndiyo maana haiwezi kuingia ndani ya uzi ikiwa buluu. Ni lazima kwanza ipokee elektroni, igeuke kuwa kampaundi ya rangi ya manjano inayoelekea kijani, ambayo huyeyuka katika maji yenye alkali. Katika mtungi wa majivu, kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi katika mboji, na pumba za ngano ni chakula chao. Haidrosi huifanya kazi ileile kwa dakika chache. Kitambaa kikitolewa, oksijeni ya hewani huirudisha nili katika hali yake ya kutoyeyuka, na kwa kuwa sasa imo ndani ya uzi, hunaswa humo. Ndiyo sababu rangi haiongezeki sana kwa kuloweka muda mrefu. Huongezeka kwa kuchovya, kutoa, kupunga hewani, na kurudia.

Mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer aliitengeneza nili maabarani mwaka 1880, na kampuni ya kemikali ya BASF ikaanza kuiuza mwaka 1897. Molekuli yake ni ileile ya majani. Hata kaniki ya bibi yako, dada Mwanaasha, haiwezi kukuambia kwa macho kama nili yake ilitoka shambani au kiwandani. Hata hivyo sukumo ina vitu vingine vya mmea ambavyo nili safi ya kiwandani haina, na mafundi wengi hushikilia kwamba vitu hivyo ndivyo vinavyoipa buluu yake ulaini fulani.

Mkazi wa Shikoku

Mama, hoja yako ya kumwambia mgeni ukweli naikubali kikamilifu. Nitatofautiana nawe kidogo tu. Mtu akisafiri mpaka Tokushima, mtungi unaoweza kumwangusha ni sehemu ya alichokifuata. Fundi mmoja aliwahi kutuahirishia darasa kwa sababu asubuhi hiyo ua la nili halikuchanua, na siku hiyo nilijifunza zaidi kuliko siku niliyorudi na leso tatu.

Dada, uliuliza kuhusu kuchuja, nami nilisahau kujibu. Isuuze nguo mara nyingi siku ileile, mpaka uchafu wa kahawia wa majivu uishe, na kwa majuma ya mwanzo ifue peke yake. Rangi iliyobaki juu ya uzi itasuguka na kuacha alama, kama bibi alivyowaambia. Ianike kivulini.

Mwanaasha wa Kobe

Mama shikamoo, na asanteni nyote. Nimerudi jana, na ninaona ni wajibu wangu kueleza nilichokikuta.

Nilichemsha pamba yangu kama Mama alivyoelekeza, na maji yalitoka ya manjano kabisa, jambo ambalo sikulitegemea kwa kitambaa cheupe kiasi kile. Karakana niliyokwenda ni ndogo, na mitungi yake minne imezikwa sakafuni, katikati yake pakiwa na shimo la kuwashia moto wa polepole wakati wa baridi. Nilipouliza kuhusu akuhakko-date, mwalimu wetu alicheka kwa furaha, akachota kijiko cha maji na kunionyesha rangi yake, kisha akatueleza kwamba kila mmoja wetu angechovya mara sita tu, kwa sababu mtungi ulikuwa umefanya kazi siku iliyotangulia.

Nilikunja kitambaa nikakibana kwa vibao, lakini upande mmoja niliuacha huru ili nijaribu hatua za rangi, kona moja ikichovywa mara moja na nyingine mara zote sita. Kona ya kwanza imekuwa na buluu nyepesi sana ambayo Wajapani huiita kamenozoki, yaani kuchungulia mtungi, kama kwamba kitambaa kilitazama ndani kikaondoka. Kona ya mwisho bado haijafikia weusi wa kaniki. Mwalimu alisema rangi ya namna hiyo hudai michovyo mingi zaidi, kwa siku kadhaa, na akatuonyesha kipande chake cha kachi-iro, buluu iliyokaribia weusi ambayo wapiganaji wa zamani waliipenda kwa sababu jina lake hulandana na neno la ushindi.

Nilifanya kosa moja: mkono wangu ulishuka mno, kitambaa kikagusa mashapo, na pana doa la kahawia ambalo halijatoka. Mwenye kwenda baada yangu na ashike kitambaa karibu na uso wa maji, akikifungua mikunjo yake taratibu kwa vidole humo humo ndani bila kukiinua hewani. Maji ya suuzo la tano ndiyo yaliyotoka safi, na kucha zangu bado ni za buluu.