Naomba ushauri: neno "run" linanitoa jasho
Wakuu, naombeni msaada. Najifunza Kiingereza mwenyewe, na siku zote nilijua "run" ni kukimbia, basi. Kumbe! Mtu akigombea uchaguzi, "run". Kamasi zikichuruzika, "run". Injini inaunguruma, programu inafanya kazi kwenye kompyuta, nguo imechuja rangi, mtu anaendesha biashara: yote "run". Ukiliongezea "out", kitu kimekwisha. Ukiliongezea "into", umekutana na mtu bila kutarajia, au umegonga ukuta. Sasa aliyegonga na aliyekutana na rafiki nitawatofautishaje?

Nimesoma kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi hiki peke yake. Zamani bingwa alikuwa "set", aliyepewa maana 430 katika toleo la 1989. Nilianza kuziandika daftarini nizikariri. Nilipofika ya thelathini nikalifunga.

Najua na sisi tuna "piga": tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, hata chafya, na hakuna anayeumia. Lakini hilo sikulikariri, nilikua nalo.

Mliovuka hapa, mlifanyaje? Nishike maana moja kwanza nifuate zinazochipuka humo, au nimeze sentensi nzima nzima kama zilivyo? Na kamusi ipi inafaa, ya Kiingereza kwa Kiswahili au ya Kiingereza kitupu? Hii niliyonayo inaniambia "kimbia, enda mbio", halafu inanyamaza.