Nyumba mbili Pennsylvania: moja juu ya mgodi wa makaa, moja jirani na visima vya gesi

Mama Mapacha:
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wa yeyote aliyeishi huku kusini magharibi mwa Pennsylvania. Mimi na mume wangu tumepanga Pittsburgh mwaka wa saba sasa. Tumejibana, na mwezi ujao tunatakiwa kutoa jibu kwenye nyumba moja kati ya mbili. Bei zinakaribiana.

Ya kwanza iko kaunti ya Greene, kwenye mji mdogo, na maji ni ya bomba la mji. Chini yake kuna mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa zamani. Nyuma ya uwanja kinapita kijito cha maji ya rangi ya machungwa, mawe yote yameshikwa na kitu kama kutu.

Ya pili iko kaunti ya Washington, ina kashamba kazuri na kisima chake cha maji. Ila ukisimama dirishani jikoni unaona eneo la visima vya gesi, kama mita 700 hivi. Ni ile gesi ya kupasua mwamba chini kwa chini, wanaita frakingi. Dalali anasema makaa ndiyo machafu, gesi ni safi. Mapacha wangu wana miaka 6 na mmoja ana pumu. Moyo wangu uko kwenye ya pili, lakini usingizi hauji. Kipi kinadhuru zaidi?

Dereva Mstaafu:
Pole mwanangu. Niliendesha boza la maji kwenye visima hivyo, Washington na Greene, kuanzia 2011 hadi 2015, kwa hiyo nakueleza niliyoyashika kwa mikono.

Dalali amekupa nusu ya habari. Gesi ikichomwa kutoa umeme, hewa ya ukaa inayotoka ni kama nusu ya ile ya makaa, na masizi ni kidogo mno. Hilo ni kweli na si jambo dogo. Lakini hata hiyo nusu inategemea gesi isivuje njiani, maana methani, yaani hiyo gesi yenyewe, ikitoroka bila kuchomwa, inalipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa kwa miaka 20. Halafu wewe huendi kuishi karibu na mtambo wa umeme. Unaenda kuishi gesi inakotolewa.

Wanatoboa kushuka karibu kilomita 2, wanakata kona, wanakwenda ubavuni, kisha wanasukuma maji, mchanga na kemikali kwa nguvu mpaka mwamba upasuke. Kisima kimoja kilikunywa lita milioni 15 hadi 20. Boza langu lilibeba lita 16,000. Piga hesabu: ni safari elfu moja na ushee kwa kisima kimoja, na eneo moja lina visima kadhaa. Tulipita usiku na mchana mbele ya nyumba ya bibi mmoja, foleni ya malori yenye injini zinazonguruma saa tisa za usiku. Mwaka wa pili aliacha kuanika nguo nje. Sasa sehemu nyingi wameweka mabomba, malori yamepungua, ila wakija kuchimba kisima kipya foleni inarudi.

Maji yanayopanda kutoka chini tuliyaita maji ya chumvi. Ukifungua valvu yanakurukia. Yakikauka kwenye buti yanaacha ukoko mweupe mgumu, na ngozi ya buti inapasuka ndani ya miezi miwili. Nilikuwa naukwangua kwa kisu kwenye ngazi za nyumbani kwangu, watoto wakiwa pembeni. Miaka baadaye ndipo nikasoma kwamba maji hayo yana bariamu, ambayo ni madini ya sumu, na radiamu, ambayo ina mionzi. Hakuna msimamizi hata mmoja aliyetuambia. Mengi yalipelekwa Ohio kuzikwa ardhini, na tarehe 31 Desemba 2011 mji wa Youngstown ukatikiswa na tetemeko la ukubwa wa 4.0 kwa sababu ya kisima kimojawapo cha kuzikia.

Sasa makaa. Sitayatetea. Jirani yangu alichimba miaka 31, vumbi likamla mapafu, leo anatembea na mtungi wa oksijeni, na kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku la barua anapumzika mara mbili. Sheria ya vumbi migodini ilikuja 1969, baada ya mgodi wa Farmington, hapo West Virginia, kulipuka Novemba 1968 na kuua watu 78. Mwaka 1972 bwawa la matope ya makaa lilipasuka Buffalo Creek, huko huko West Virginia, watu 125 wakafa asubuhi moja. Hicho kijito chako ni deni la watu waliokwisha ondoka: maji yanaingia kwenye mashimo ya zamani, yanakutana na madini ya chuma na salfa, yanatoka yakiwa na tindikali. Jimbo hili lina zaidi ya kilomita 8,000 za mito ya namna hiyo.

Lakini swali lako ni la mtoto mwenye pumu. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilitoa utafiti uliofanyika kwenye kaunti hizi hizi. Wenye pumu walioishi karibu na visima vinavyozalisha gesi walikuwa na uwezekano mara 4 hadi 5 zaidi wa kushikwa vibaya. Tena watoto walioishi ndani ya maili moja ya kisima walipatikana na limfoma, saratani ya tezi za limfu, zaidi ya wengine. Mita 700 si hata nusu ya maili.

Ningekuwa wewe ningechukua ya Greene. Mgodi uliofungwa hautoi moshi, na maji unakunywa ya bomba. Hatari yake ni ardhi kutitia. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi hilo, ila idara ya mazingira ya jimbo ina bima yake maalumu na ramani za migodi. Ramani zenyewe usiziamini zote. Julai 2002, kwenye mgodi wa Quecreek, jimbo hili hili, wachimbaji 9 walitoboa mgodi wa zamani uliojaa maji kwa sababu ramani yao haikuonyesha ulipoishia. Waliokolewa baada ya saa 77. Kwa hiyo kata bima hata kama ramani inasema uko salama.

Mngoni wa Songea:
Asante mzee kwa maelezo. Nami huku Ruvuma malori ya makaa ya Ngaka yanapita kuelekea bandari ya Mtwara. Makaa hayajachomwa bado, vumbi liko kwenye migomba. Swali langu: gesi yetu ya Mtwara nayo ni ya kupasua mwamba?

Dereva Mstaafu:
Hapana, mwanangu. Ile ya Mnazi Bay na Songo Songo inakaa kwenye mchanga wenye matundu, ukitoboa inapanda yenyewe. Usichanganye.

Mama Mapacha:
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu, mume wangu nimemsomea kwa sauti. Jumamosi tulirudi Greene. Nimeona ufa kwenye ukuta wa chini, unapanda kama ngazi kufuata matofali, kidole changu cha shahada kinaingia mpaka kwenye kucha. Ni wa mgodi huo? Na ile ya Washington mume wangu bado hajaiachia, anasema maji tutayapima.

Dereva Mstaafu:
Marahaba. Ufa wa ngazi unaweza kuwa msingi tu umekaa vibaya. Mlete mhandisi wa majengo kabla ya kutia saini, tena uliyemtafuta mwenyewe, asiwe wa dalali. Bima nayo uikate kabla ardhi haijasogea. Ufa uliopo hawatakulipa.

Mwambie mumeo hivi: sheria ya 2012 inasema maji yakiharibika ndani ya futi 2,500, kama mita 760, za kisima cha gesi na ndani ya mwaka mmoja tangu kazi, mchimbaji ndiye anadhaniwa mkosaji. Mita 700 mmo ndani. Ila visima vile vimekwisha chimbwa, huo mwaka umepita, mzigo wa kuthibitisha utakuwa wenu. Muulize pia wakili kama hati inakuja na haki za chini ya ardhi. Sehemu nyingi huku ziliuzwa zamani, mwenye gesi ni mtu mwingine, na akitaka kuchimba zaidi hakuombi ruhusa wala mrabaha huupati.

Mama Mapacha:
Tumeuliza. Haki za chini si zetu. Mume wangu amenyamaza tangu jana. Mhandisi anakuja Greene Alhamisi saa nne, nitaleta picha ya ufa.